Ndoano Niliyoiruka

Mama Faida alipofariki nilishuka kutoka Bukavu siku hiyohiyo niliyopata habari, kwa gari lililosimama Luvungi kushusha watu na kupakia ndizi, na nilipofika Uvira jua lilikuwa bado juu na matanga yameshajaa. Kwenye mlango wa ua, mianzi miwili ya kuvulia samaki ilikuwa imelazwa chini, imekatiza njia. Nikasimama. Mkononi nilikuwa na mfuko wa mchele, kichwani kitambaa cha msiba, na watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikazunguka. Nilipita kwa jirani, nyuma ya choo, nikatokea jikoni kama mwizi wa kuku. Mjukuu mmoja wa marehemu, binti aliyesimama pale na simu yake, akacheka waziwazi. "Mama, si ungepita tu? Hii ni miti ya batoto," akaniambia, na ili nione alivyosema kweli akaenda akairuka ile mianzi, akarudi akairuka tena. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume waliendelea kuzungumza, wanawake waliendelea kuchambua maharage. Nilihisi uchungu ambao haukuwa wa msiba, au labda ulikuwa wa msiba mwingine. Katika ua huo, zamani, kuruka ndoano, maana kwetu mwanzi na uzi wake wote ni ndoano, kulinipa mwaka ambao sijapata mwingine kama huo.

Ulikuwa mwaka wa vita. Watu wa kwetu tukisema hivyo, lazima tuulizwe ni vita gani, nasi tunajibu kwa kutaja mtoto aliyezaliwa au nyumba iliyoungua. Mimi nitasema ni ile vita ambayo wanajeshi walikataza mitumbwi. Walioshika mji waliogopa watu wa kuvuka kutoka ng'ambo, basi wakaamuru mitumbwi yote ivutwe nchi kavu, na taa za karabai zilizokuwa zikijaa ziwani zikazimika zote. Sijui kama mtu asiyekulia pale anaweza kuelewa. Tulizoea kuona ziwa likiwa na taa nyingi kuliko mji wenyewe. Sasa palikuwa na giza hadi Bujumbura, na wavuvi wa ndagala, ndio dagaa wetu, watu wenye mabega kama milango, walikaa mchana kutwa wakishona nyavu zisizokuwa na mahali pa kwenda. Ruhusa ilibaki ya ndoano peke yake, tena ufukweni, tena mchana. Kwa mwanamume wa ziwa hilo lilikuwa tusi. Ndoano ilikuwa mchezo wa watoto wanaotoroka shule.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, shule imefungwa, diploma yangu imekwama, na Mama Faida alikuwa amenipokea. Nilivyofika kwake ni hadithi nyingine ndefu na haina ladha. Alinipa chumba cha nyuma chenye kitanda cha mbao, dirisha la kuangalia mlima, na ukuta wa mbao uliotenganisha kichwa changu na cha mume wake. Papa Faida alikuwa bwana wa nyavu, mwenye mtumbwi na vijana wake. Tangu alipokatazwa ziwa aliongea sana, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mawimbi, kwa hiyo mambo mengi ya nyumba ile niliyajua bila kuuliza. Tulikula bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, yenye mawese. Siku za bahati palikuwa na samaki mmoja, na Mama Faida alimgawa kwa ujuzi ambao sijauona tena: kila mtu alipata kipande, na kila mtu aliamini chake kilikuwa kikubwa kuliko cha mwenzake.

Deo alikuja masika yakiwa katikati. Alikimbia kutoka Mutarule pamoja na watu wengi wa bonde la Ruzizi, wengine wakaingia makanisani, wengine wakavuka mpaka, yeye akaangukia kwa Papa Faida kwa sababu zamani alikuwa akimletea muhogo na kurudi na ndagala. Mama yake alikataa kukimbia. Alisema amechoka kulala katika nyumba za watu, akabaki na mbuzi wake na shamba lake. Deo alikuwa mrefu, mpole, na alipofikiri jambo alizungumza Kirundi, lugha ya ng'ambo, na nafsi yake, jambo lililowafanya majirani wanong'one kwenye bomba la maji. Papa Faida aliwasikia. Siku iliyofuata alisimama bombani, akasema mbele yao wote, "Ule kijana iko mugeni wangu. Mwenye kuwa na neno akuje kwangu, asiiache pa bomba." Neno likaisha, angalau mbele yetu.

Basi Deo, ili asile bure, akatengeneza ndoano. Na hiyo haikuwa ndoano kama zetu. Alichagua mwanzi mwembamba unaopinda bila kuvunjika. Akasokota uzi kutoka kwenye wavu uliochakaa, mnene mwanzoni, mwembamba mwishoni, akaupaka nta ya mshumaa ili uelee. Badala ya kuweka nyungunyungu, alifunga manyoya ya jogoo kwenye chuma kwa uzi wa kushonea, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka ukiangalia unaona mdudu aliyeanguka majini na kulowa. Alisema kwao, kiangazi kikiwa kikali, ardhi ya bonde inakuwa ngumu huwezi kuchimba nyungunyungu, kwa hiyo wachungaji wa kando ya Ruzizi walijifunza kudanganya. Samaki aliyemtaka ni ndubu, yule mwenye magamba makubwa na masharubu mafupi, anayependa mahali mto unapoingia ziwani. Jogoo wa Mama Faida alianza kuwa na upara shingoni, na Mama Faida akamwambia Deo kwamba akimgusa tena atafunga manyoya yake mwenyewe.

Siku niliyoiruka nilikuwa nimebeba sufuria ya maji ya moto. Deo alikuwa ameweka mwanzi wake mpya chini, nje ya jiko, ukauke nta. Sikuuona. Niliinua mguu, nikaupitisha, nikainua wa pili, na Papa Faida akapiga ukelele uliofanya mtoto wa jirani aanze kulia.

"Nani ameruka ile ndoano?"

"Ni minye," nikasema.

"Hakuiona," Mama Faida akanitetea. "Iko na sufuria mu mikono."

"Kuona ao kutoona, mukosi haiulizake." Papa Faida alikuwa amesimama sasa, na ninaapa uso wake ulikuwa na furaha, kwa mara ya kwanza tangu mitumbwi ivutwe. Hatimaye palikuwa na jambo la ziwani la kuamua. Mwanamke akiruka ndoano, akaeleza, ndoano hiyo imefungwa. Haiwezi kushika tena kwa mkono wa mwanamume. Lazima yule mwanamke aliyeiruka aitupe yeye mwenyewe mpaka ishike samaki, na mwenye ndoano asimame pembeni yake, na mtu mwingine yeyote zaidi yao wawili asiiguse, hata kwa kidole. Samaki akishikwa, ndoano imefunguka, inarudi kwa mwenyewe. "Njo vile tunafanyaka kwetu."

"Papa, kwetu ndoano ni muti tu na uzi," Deo akasema.

"Kwenu munachunga ng'ombe. Samaki njo yetu."

Deo akanitazama. Nikatazama sufuria. Kesho yake asubuhi, mbele ya wanawake wa ufukweni waliokuwa wakifua, nilisimama kwenye mdomo wa mto Mulongwe, maji yakinifika magotini, nikiwa na ndoano ya mwanamume mkononi na mwanamume mwenyewe amesimama kando yangu kama mlinzi wa benki. Yeye alikuwa amekata mwanzi mwingine wa kutulisha, na huo aliutumia baada yangu, huko juu kidogo, kwenye mawe.

Kurusha manyoya ni kazi ya ajabu. Hakuna uzito wa kurusha, ni hewa tu. Unarudisha mkono nyuma, unausubiri uzi unyooke mgongoni mwako, ndipo unauleta mbele. Mimi nilikuwa sijui kusubiri chochote. Nilinasa matete, nilinasa nguo za watu zilizoanikwa, nilinasa kofia ya mwanajeshi aliyekuwa akipita, na tukatetemeka wote mpaka alipocheka. "Usipige maji, weye," Deo alikuwa akiniambia. "Bembeleza. Buhoro, buhoro." Neno hilo la kwao, maana yake polepole, lilinikaa sikioni. Hata leo nikipika uji nikaona unataka kumwagika, ndilo ninalolisema. Tulirudi nyumbani na Mama Faida akatuuliza, "Mumerudia na nini leo?" Deo akajibu, "Na njaa, Mama," kisha akatoa mgongoni samaki aliowashika yeye, na tukala.

Masika yaliisha, maji yakawa safi, na tukabadilisha manyoya. Wakati wa mvua alikuwa akifunga meupe, mapana, mfano wa kumbikumbi. Kiangazi kilipoingia na watu wakaanza kuchoma majani mlimani, panzi walikimbia moto wakaangukia mtoni, naye akafunga ya rangi ya kahawia na njano. Ndipo samaki walipoanza kunijia. Nilikuwa nimejifunza sasa. Uzi ulinyooka, manyoya yalishuka juu ya maji bila kelele, na mara ule mvuto, ule uhai unaopanda kwenye mwanzi mpaka begani. Nilikuwa napiga kelele. Nilimvuta, nilimwona ubavu, na kabla hajafika mkononi alijitikisa akaondoka. Kila mara. Mkubwa, mdogo, kuhe, ndubu, wote walijitikisa wakaondoka. Habari zilifika nyumbani, na Papa Faida, aliyekuwa akija mwenyewe kuangalia huku mikono yake ikiwa imefungwa mgongoni ili asivunje sheria yake, alishindwa kuelewa. "Huyu mutoto iko na mukono ya namna gani?" akamwuliza Deo. "Samaki banakuyaka kumusalimia, halafu banarudi kwao." Mimi nililia kwa hasira, siku moja hata nikautupa mwanzi majini. Deo aliingia kuuchukua akiwa na nguo zake zote, akanirudishia, akasema kesho atafunga nyingine nzuri zaidi.

Sitaficha. Nilitaka kumshika yule samaki, na nilitaka zaidi nisimshike. Nilijua nikimshika nitarudishwa jikoni. Nilianza kuamka kabla ya jogoo mwenye upara. Nilianza kujipaka mafuta miguuni kwenda kusimama majini, jambo ambalo Mama Faida aliliona na hakulisema, akaniongezea mafuta. Asubuhi za kiangazi pale Uvira moshi wa mlimani unashuka na kulala juu ya ziwa, ng'ambo haionekani, sauti zinafika kutoka mbali. Tuliongea bila kutazamana, macho kwenye uzi. Aliniambia kuhusu shamba, kuhusu mama yake asiyemsikiliza mtu, kuhusu mpunga unavyonuka ukianza kukomaa. Nilimpenda. Hakuna namna nyingine ya kuliandika, na nina umri wa kutosha kuliandika hivyo hivyo.

Asubuhi moja, kabla ya kuamka, niliwasikia nyuma ya ukuta wa mbao.

"Mvua ikianguka ule kijana atakwenda," Papa Faida alisema, kwa ile aliyoiita sauti ya chini.

"Kwenda wapi? Njia iko ya kufungwa."

"Saa hii imefungwa. Mvua ikianguka, magari ya baaskari yanakwama mu matope, majani inakuwa mirefu, muntu anapita pembeni ya Ruzizi bila kuonekana. Na ni wakati ya kulima. Mama yake iko peke yake."

"Na huyu wangu?" Mama Faida akauliza. Nikasikia kitanda kikilia, Papa Faida akigeukia upande wa pili.

Tangu siku hiyo nilichukia mawingu. Watu wote wa mji walikuwa wakitazama juu wakiomba mvua, visima vimekauka, sombe imekuwa ngumu kama karatasi, nami nilikuwa nikiomba kinyume chao. Tulipokuwa majini nilimwuliza moja kwa moja, "Ni kweli mvua ikianguka utakwenda?" Aliendelea kutazama uzi wangu. "Mama iko peke yake, Sifa." Nikamwambia basi mvua ichelewe. "Iache ichelewe," akasema. Kisha akasema njia ikifunguka atakuja na wakubwa wa kwao, kwa heshima, kuniomba, na kwamba anajua sisi watu wa ziwa tutawatoza ng'ombe ambao hatujui hata kuwakamua. Nilicheka mpaka nikakosa samaki mwingine.

Mvua ilikuja mchana, tukiwa tunakula. Tulisikia kwanza kwenye mabati ya majirani wa juu, kisha kwetu. Watoto walitoka nje uchi. Mama Faida alipanga ndoo zote chini ya mabati, na mimi nilibaki na tonge mkononi. Deo hakutoka. Alikaa kwenye kizingiti, mgongo wake kwetu, akifunga manyoya meupe kwenye chuma kipya, polepole kuliko siku zote. Asubuhi yake mto Mulongwe ulikuwa umevimba, mwekundu, na ndubu walikuwa wamefika mdomoni kuupanda, migongo yao ikionekana. Nilirusha mara moja. Yule samaki alichukua manyoya kama aliyekuwa akiyasubiri, akakimbia, akarudi, akajitikisa kama wote walivyojitikisa, na hakutoka. Nilirudi nyuma hadi mchangani nikamvuta juu. Wanawake waliokuwa wakifua walipiga vigelegele. Nilimtazama Deo nikitegemea atafurahi, naye alikuwa amegeukia mlima.

Tulimla jioni ile. Alikuwa mkubwa, alitosha kwa kila mtu, na Mama Faida hakuhitaji ujuzi wake. Papa Faida alitangaza kwamba ndoano imefunguka, akaipokea kutoka kwangu kwa mikono miwili, ya kwanza kuigusa tangu masika mbali na yetu wawili, akampa Deo. Deo aliiegemeza ukutani. Kulipopambazuka aliondoka na watu wengine wa bonde, amebeba jembe na mbegu alizopewa na Mama Faida, na ndoano akaiacha palepale. Nilimsindikiza hadi barabara inapoanza kuelekea Kavimvira. Alinipa mkono kama tunavyowapa wageni, akaushikilia.

Njia haikufunguka mwaka ule. Vita ilirudi kwa nguvu mpya, na kabla ya masika yaliyofuata nilivuka ziwa kwenda Kigoma na waliovuka, nikakaa huko miaka. Nilipata habari baadaye kabisa, kwa Mama Faida, kwamba Deo alikuja kweli, na wazee wake, na wakaambiwa nimevuka. Alisubiri, kisha aliacha kusubiri, kama nilivyofanya mimi. Niliolewa na mtu mwema ambaye sasa ni marehemu, na watoto wangu wamenizaa mara ya pili kwa kunifanya bibi. Sina wa kumlaumu, wala sitafuti. Lakini nimesimama kwenye mito mingi tangu wakati huo, na kila mara macho yangu huenda kwanza mahali maji yanapokutana na maji.

Sasa nirudi matangani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka chini ya turubai nilipoona mzee mrefu akiingia, shati jeupe, kofia mkononi. Aliwasalimia wafiwa mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama inavyopasa. "Mama Amani, pole na musiba." Nikamwita Papa Chantal, kwa sababu nilikuwa nimeulizia jina la mtoto wake. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mkeka. Tuliulizana habari za nyumbani. Mke wake anaumwa miguu, ndiyo maana hakuja. Mama yake aliishi mpaka akaona wajukuu. Mpunga wa mwaka huu si mbaya. Tukatazama watoto wakiokota mianzi yao na kuiweka chini tena, palepale njiani.

"Niko na deni la kusema," akaniambia, bila kunitazama, kama tulivyozoea. "Ile kijino ya ndani ya ndoano, ile inakatazaka samaki kutoka. Nilikuwa naivunja na koleo. Mbele ya kufunga manyoya."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaona samaki wote wa kiangazi kile wakijitikisa na kuondoka, na mikono ya Papa Faida imefungwa mgongoni. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

"Zote?" nikauliza.

"Ungeshika samaki, ungenirudishia ndoano."

"Deo. Nilikuwa nalia."

"Nilikuona." Alizungusha kofia yake magotini. "Si zote. Ile moja ya mwisho niliiacha nzima. Mvua ilikuwa imeanguka, na mama alikuwa peke yake."

Miaka yote nilidhani siku ile nilishinda. Nilitaka kumkasirikia na nikakuta hasira haipo, kuna tu yule kijana amekaa kizingitini, mgongo wake kwetu, akifunga manyoya polepole. Wakaita watu kunawa mikono. Niliinuka, nikajifunga kitenge vizuri, na badala ya kwenda jikoni nikatembea hadi mlango wa ua, mahali mianzi ilipolala. Nikainua mguu mmoja, nikaupitisha. Nikainua wa pili. Nikasimama upande wa pili nikingoja, na ua wote ukaendelea na mambo yake.

Kisha nyuma yangu sauti ya mzee ikauliza, si kwa kelele, buhoro buhoro:

"Nani ameruka ile ndoano?"

"Ni minye," nikasema.